Shemeji Kaza na Betri ya Pili

Katika nyumba ya dada yangu hakuna chupa iliyowahi kufunguka kwa jaribio la kwanza. Nasema hivi bila chuki, maana nimeishi nao ua mmoja miaka mingi na nimekula kwao kuliko nilivyokula kwangu. Lakini ukweli usemwe. Ukitaka jemu, umwite shemeji. Ukitaka mafuta ya kupikia, umwite shemeji. Bomba la jikoni likishapitiwa na mkono wake, mwenzangu, kabla ya kunawa utafute kwanza kitambaa cha kushikia, na jasho litakutoka mapema kuliko maji. Siku moja alibadilisha mtungi wa gesi, akafunga koki, akaenda zake kazini, na sisi wanawake wawili wazima tukashinda na mkate mkavu mpaka aliporudi.

Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kaza. Jina lake la kuzaliwa nililisikia siku ya harusi yao, na sidhani kama nimelisikia tena tangu hapo. Mwenyewe alilipenda la mtaani. Alikuwa fundi wa grili za madirisha, na fundi wa grili anayeitwa Kaza hana haja ya kibao mlangoni.

Alikuwa na namna yake ya kupima. Hakutumia futi ya chuma kama mafundi wengine, alitumia uzi. Alifika kwa mteja na bonge la uzi wa katani mfukoni, akaunyoosha toka ukingo mmoja wa dirisha hadi wa pili, akapiga fundo, akakata. Nyuzi hizo alizitundika kwenye misumari ukutani mwa karakana, wala hakuzitupa hata kazi ilipokwisha. Ukiingia mle ulikuta ukuta umeota nywele, kila uzi dirisha la mtu. Nilimwambia kwamba siku mwizi akiingia ataondoka na vipimo vya mji mzima. Nilikuwa natania, kama ilivyo haki yangu kwa shemeji yangu. Yeye hakucheka. Kesho yake karakana ilikuwa na kufuli jipya, kubwa kama kiatu cha mtoto.

Dada yangu ni mtu wa aina nyingine kabisa. Anaongea kidogo, anasikiliza sana, na jambo likimuuma analikunja vizuri na kuliweka ndani kama shuka. Ana kisukari, kile cha kujidunga sindano, na dawa yake inataka ubaridi. Ikipigwa na joto inaharibika, na kwa macho huwezi kujua kama imeharibika. Ugonjwa huo umemla pia ncha za vidole. Kifungo cha gauni kinamponyoka, sarafu hajui kama ameishika mpaka aitazame. Halalamiki. Anasema tu kwamba vidole vyake siku hizi vimekuwa wageni.

Binti yao ameolewa mbali, mwendo wa basi wa kutwa nzima na kesho yake. Alipokaribia kujifungua, dada na shemeji walifunga safari kwenda kumpokea mtoto. Dawa waliitia kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, wakaijaza barafu. Basi likaharibika njiani, mahali pasipo na kivuli wala nyumba. Lilipotengemaa, dada alijidunga dawa iliyokwisha kuharibika, na usiku haukuisha kabla hajazidiwa. Waliteremshwa kwenye mji ambako hawakumjua mtu, akalazwa. Mjukuu wao wa kwanza alizaliwa huku bibi yake akiwa na dripu mkononi, na huko kwa binti hawakufika.

Tangu siku hiyo dada hakwenda mbali kupita soko la hapa kwetu. Mtoto alikua, akasimama, akaanza kuongea, na bibi yake akamjua kwa simu. Siku moja yule mtoto, baada ya kumtazama bibi kwenye kioo, aliigeuza simu kuangalia nyuma yake mwili wa bibi umekaa wapi. Sote tulicheka. Simu ilipokatika dada aliendelea kuishika mapajani, akaniambia, "Mdogo wangu, nataka kumbeba kabla hajawa mzito." Nilijifanya natafuta kitu kabatini.

Shemeji naye alisikia, kwa sababu haikupita muda akaja na gari. Lilikuwa gari la zamani la kusambazia mikate, refu, jeupe lililofifia, na ukifungua mlango wa nyuma bado linanukia mkate. Alisema amechoka na madirisha ya watu, sasa anataka kutengeneza nyumba ya magurudumu. Ndani akaweka kitanda, jiko dogo, tangi la maji, kabati la nguo, na juu ya yote friji ndogo ya gari kwa ajili ya dawa. Kwa friji hiyo hakuna basi wala barafu. Wataondoka wanapotaka na kupumzika wanapotaka, na dawa itakuwa baridi kama iko nyumbani.

Tatizo likawa umeme. Rafiki yake fundi umeme, mtu mwembamba anayependa kueleza, alikuja kuvuta nyaya na kutupa somo. Betri ya kwanza ni ya injini, alisema, hiyo friji isiiguse, la sivyo mtaamka gari haliwaki. Inatakiwa betri ya pili, ya matumizi ya ndani, inayojichaji gari likitembea. Akaongeza kwamba betri hiyo ni nzito, ina tindikali, ina moto ndani yake, na ikiruka kwenye shimo la barabara inaweza kuua. Itengenezewe trei ya chuma, ifungwe, isisogee hata upana wa ukucha.

Kumwambia shemeji Kaza kitu kisisogee ni kumwambia mlevi amalize chupa. Aliipima betri kwa uzi, akajifungia karakana, na kwa siku kadhaa tukawa tunasikia mashine ya kuchomelea ikinguruma na kuona mwanga wa bluu ukirukaruka chini ya mlango. Alitoka na trei ya chuma cha pembe ambayo ungeweza kumlaza tembo ndani yake. Akaifunga sakafuni mwa gari, chini ya kitanda, kule mwisho kabisa. Juu ya betri akapitisha vyuma viwili, akavibana kwa bolti nene na nati juu ya nati, kisha akatia na kufuli. Akatuita tuje tuone.

Nakiri kazi ilikuwa nzuri. Alilitikisa gari kwa bega mpaka vikombe vikalia kabatini, betri ikatulia tuli. Alisimama akijifuta mikono kwa kitambaa, uso umemng'aa kama aliyefaulu mtihani. Dada aliinama akatazama chini ya kitanda kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti yake ile ya kawaida, kwamba waya ukichomoka njiani yeye ataufikia vipi.

"Mimi nitakuwepo," shemeji akajibu. "Ninayo spana ndefu."

"Hata kwenye basi ulikuwepo, babu."

Tangu mjukuu azaliwe walikuwa wanaitana hivyo, babu na bibi, kwa kutaniana. Lakini siku hiyo haikuwa utani. Dada alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha gari, akaunyoosha mkunjo wa gauni lake, na akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mimi niliyelala naye kitanda kimoja utotoni.

Basi lilipoharibika, alisema, shemeji aliteremka na kuingia chini yake kumsaidia dereva, maana hakuna gari linaloharibika mbele ya Kaza akakaa kitini. Dada alibaki na ile chupa. Akapita muuza maji kwa baiskeli, na mapande ya barafu ndani ya ndoo, dada akanunua mfuko mzima aongeze kwenye dawa. Chupa ikakataa kufunguka. Alijaribu kwa mkono, akajaribu kwa kitenge, akampa kijana wa kiti cha mbele naye akashindwa. Chupa ilikuwa imefungwa na shemeji.

"Nikasema utatoka sasa hivi," dada akaendelea. "Watu wote walikuwa wanakutegemea kule chini, sikutaka kukuita kwa ajili ya kifuniko. Nikaushika ule mfuko hapa mapajani mpaka barafu yote ikaisha. Uliporudi ukaniuliza mbona gauni limelowa, nikakwambia nimemwagikiwa na maji."

Shemeji alikuwa bado ameshika kile kitambaa. Aliuliza kwa nini hakumwambia siku zote hizo. Dada akamjibu kwamba angemwambia, yeye asingekula tena chakula kikashuka.

"Sikulaumu," akasema. "Ila gari hili nitalipanda siku nitakayoweza kuivuta hiyo betri nje na kuirudisha kwa mikono yangu hii, hivi ilivyo. Nikishindwa, mtoto nitaendelea kumwona kwenye simu."

Akashuka garini akaenda kuchambua mchele. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Mtu mwenye hasira unaweza kungoja ipoe.

Shemeji hakufanya kazi kwa siku kadhaa. Alifungua karakana asubuhi, akakaa kwenye kigoda katikati ya nyuzi zake, akafunga jioni. Nilimpelekea chai, akainywa bila kusema ina sukari kidogo kama ilivyo desturi yake. Nilimwonea huruma, nikashangaa kujiona namwonea huruma. Maisha yake yote alikuwa amewafungia watu madirisha ili walale usingizi, na kila alichokikaza alikikaza kwa mapenzi. Hakuwa na njia nyingine ya kusema anakupenda zaidi ya kuhakikisha hakuna kitakachomwagika, kitakachoibiwa wala kitakachodondoka. Sasa ameambiwa kwamba mkono huohuo nusura umuue mkewe. Mambo mengine hayana utani.

Halafu asubuhi moja dada alikuwa kwenye kibaraza, sinia la mchele mapajani, shemeji akatokea na bonge lake la uzi. Hakusalimia. Alichuchumaa mbele yake, akamshika mkono wa kulia, akazungusha uzi kwenye kiganja, akapiga fundo. Akamwomba akunje ngumi, akapima tena. Akapima toka kifundo cha mkono hadi katikati ya kiganja. Nikamwambia kama ni pete amechelewa mno, na isitoshe anapima mahali sipo.

"Shemeji, nyamaza kidogo," akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilinyamaza.

Tulichokisikia baada ya hapo hakikuwa mashine ya kuchomelea bali msumeno wa umeme. Alikuwa anaikata ile trei. Fundi umeme alikuja kwa bahati akamkuta katikati ya cheche, akarudi uani kutuambia kwamba jamaa anaharibu kazi ambayo haina kasoro. Tangu amjue, alisema, hajawahi kumwona akifumua kitu alichokifunga mwenyewe. Dada akamkaribisha chai.

Trei mpya ilikaa karibu na mlango wa pembeni, mahali mtu anapoweza kuifikia akiwa amesimama nje. Ilipita juu ya reli mbili, ukiivuta inakuja mbele kama droo. Betri ilishikwa na mkanda mpana pamoja na chuma kimoja cha mbele, na chuma hicho kilibanwa na vitasa viwili vya mbao vinavyozungushwa kama nati. Vitasa ndivyo vilivyomlia muda. Alivichonga kwa mkono, vinene, vya mviringo, vyenye mabonde ya kushikia, ili mtu avizungushe kwa kiganja chote bila kutegemea ncha za vidole. Dada alipoweka mkono wake juu ya kitasa, kiganja kilijaa barabara.

Lakini hakikuzunguka. Alijaribu cha kwanza, akajaribu cha pili, akaegemea kwa bega, wapi. Shemeji alikuwa ameshavifunga kabla hajatuita.

"Sijakaza," akajitetea. "Nimeshikiza tu."

Akavilegeza, akavifunga upya, safari hii kwa vidole viwili, akasema sasa jaribu. Vikakataa tena. Nilimtazama usoni nikaona hadanganyi, mkono wake kweli haukujua kufunga kitu kikafunguliwa na mwingine. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alijaribu mara nyingine, na nyingine, kila mara akifunga taratibu zaidi, na kila mara dada akishindwa, mpaka nikataka kuwaambia tuache, tuingie ndani, tule.

Dada ndiye aliyeona. Alimwambia avilegeze vyote viwili, kisha aondoe mkono. Dada akavifunga mwenyewe, kwa kiganja, mpaka nguvu zake zilipoishia. Kisha akavifungua. Akaivuta trei nje, akazigusa nyaya, akairudisha, akafunga tena. Ilikuwa kazi ya mara moja, kama kufunga na kufungua mlango wa kabati.

"Basi usiifunge wewe," akasema. "Nitaifunga mimi."

Hapo nilimwona shemeji akipauka. Kitu kizito chenye tindikali kukaa gari moja na mkewe, kikiwa kimefungwa na mtu asiyeweza kufunga kifungo cha gauni. Aliuliza itakuwaje ikisogea. Fundi umeme, ambaye siku hiyo pia alikuwa amepita kwetu, na chai yake ilikuwa imekwisha zamani lakini hakutaka kuondoka, akatoa wazo la kuijaribu. Shemeji akachukua chaki, akachora mstari kuizunguka betri yote juu ya trei. Tukapanda wote, tukaenda kwenye ile barabara mbovu nyuma ya maghala, inayovunja hata magari ya mizigo.

Mimi nilikaa nyuma, na sitaki kukumbuka kiuno changu kilivyofanywa. Shemeji aliyapitia mashimo yote, hata aliyoweza kuyakwepa. Alikuwa anaendesha huku kichwa kimeinama upande, anasikiliza. Dada alikaa kando yake, mikono mapajani, anatazama mbele kama anayekwenda sokoni. Hatimaye gari likasimama, shemeji akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa pembeni, akapiga magoti kwenye vumbi.

Mstari wa chaki ulikuwa palepale. Alipitisha ukucha kati ya chaki na betri upande mmoja, akaupitisha upande wa pili. Alikaa pale magotini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Haijasogea," akasema.

"Ulidhani mikono hii inajua kufungua tu, haijui kufunga?" dada akamuuliza kutoka kitini. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu kabla ya basi.

Waliondoka baada ya hapo, asubuhi yenye mawingu, mwendo wa taratibu. Dawa ilikuwa kwenye friji, na dada alikuwa amefunga vitasa kwa mkono wake. Wakati wa kuagana nilimwona shemeji akipita kwenye ule mlango wa pembeni. Mkono wake ukaenda kwenye kitasa, kwa mazoea, kama mkono wa mtu mwingine unavyokwenda kujikuna. Ulisimama hewani. Kisha akautia mfukoni, akafunga mlango, akanipa funguo za nyumba na kuniambia nisisahau kumwagilia maua.

Nilibaki uani mpaka sauti ya injini ikapotea. Nikaingia jikoni kwao kujipikia chai, nikalichukua kopo la majani kwa mikono miwili, nimejiandaa kwa vita. Kifuniko kikaja chenyewe. Nilidhani kimeharibika. Nikajaribu jemu, ikafunguka. Mafuta, yakafunguka. Bomba la maji nililizungusha kwa kidole kimoja. Alikuwa amepita jiko zima, kopo kwa kopo, chupa kwa chupa, akalegeza kila kitu ili mimi nisihangaike. Alikuwa amelegeza hata kopo la sukari, ile ninayotumia mimi maana dada haitumii, na sisimizi walikuwa wameshaingia na kuweka makazi. Nilikaa kwenye kigoda nikalia, nusu kwa ajili yake na nusu kwa ajili ya sukari.

Walipofika walinipigia. Dada alisema njiani, kwenye kipande kibaya cha barabara, taa ya friji ilizimika. Shemeji alikuwa chini ya lori la mtu asiyemjua, analitengeneza, kama kawaida yake. Dada hakumngoja. Alifungua vitasa, akaivuta trei, akauona waya uliolegea, akaubana mahali pake, taa ikawaka, akafunga. Shemeji aliporudi alimkuta anamenya chungwa, na hakujua kitu mpaka walipofika. Dawa ilikuwa baridi mwendo wote. Mtoto mwanzoni alijificha nyuma ya mguu wa mama yake, akamchungulia bibi mwenye mwili mzima, kisha akaja mwenyewe. Dada aliniambia ni mzito kweli, amechelewa kidogo kumbeba, lakini ameweza. Kisha akampa simu mumewe.

Shemeji hakuzungumzia safari wala mjukuu. Alinisalimia, akakohoa, akauliza habari ya nyumbani. Nikamwambia maua yamemwagiliwa. Ndipo akauliza alichotaka kuuliza.

"Shemeji, makopo yanafunguka?"

Nikamwambia yanafunguka vizuri sana, bila taabu yoyote, na nikamshukuru. Kuhusu sisimizi sikumwambia.